Benzi Katika Barabara ya Miwa

Trekta la miwa likikutangulia Awendo, huna budi kulifuata. Barabara kuu ya A1, inayoshuka kutoka Kisii kupitia Rongo hadi Migori na mpaka wa Isebania, haina nafasi ya kulipita hovyo, na matrela yake hujazwa hadi ncha za miwa zinaburutwa kwenye lami. Nyuma yake hujipanga Probox za abiria, malori, bodaboda, na siku nyingine Mercedes nyeusi yenye vioo vya giza, gari lililoundwa kukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, sasa likitambaa kama mtu aliyebeba mzigo kichwani. Watoto hukimbilia trela na kuchomoa miwa. Kila aliyepata wake husimama kando, akautafuna na kuikodolea macho ile Mercedes mpaka ipotee.

Nimeyatazama macho hayo mara nyingi nikiwa upande wa soko la Sare, nikajiuliza yametoka wapi. Gari hilo la milango minne liliundwa Stuttgart kwa ajili ya wenye viwanda na wenye benki wa Ujerumani. Lakini sijui chombo kingine cha kigeni kilichoingia ndani ya siasa yetu, lugha yetu na misiba yetu kama hicho. Kabla ya kufika Awendo kilipitia Nairobi, Dar es Salaam, Rusinga na Kisumu, na kila kilipopita kiliacha jambo la kusimuliwa.

Wazee wa huku, kwa Kijaluo, huita gari lolote mtoka. Neno hilo halichagui tajiri wala maskini. Lori la pamba na gari la mkuu wa wilaya yote yalikuwa mtoka. Jina la kutenganisha magari kwa heshima lilikuja baadaye, na lililoleta heshima hiyo kwanza lilikuwa tope.

Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wapenda magari wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mashindano waliyoyaita Coronation Safari. Kanuni yao ya mwanzo ni ya kukumbukwa: magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini. Gari lilitakiwa liwe kama linavyouzwa kwa mteja. Kwa hiyo mwananchi aliyesimama kando ya barabara, hata kama hakuruhusiwa kuota kulinunua, aliliona gari la bei kubwa na la bei ndogo yakipita katika shimo lile lile, akajihukumia mwenyewe. Volkswagen ndogo ilivuma miaka hiyo, na ilistahili.

Kisha ikaja zamu ya Mercedes. Mwaka 1959 Bill Fritschy na Jack Ellis walishinda kwa Mercedes 219, gari la familia yenye uwezo, la injini ya silinda sita isiyozidi lita 2.2. Mwaka 1960 wawili hao wakashinda tena kwa aina hiyo hiyo. Mwaka 1961 John Manussis akachukua ushindi kwa 220 SE, ambayo petroli yake haikupitia kabureta bali ilipigwa kwa pampu ya sindano. Miaka mitatu mfululizo gari la kiungwana, lenye viti vya kukaa mzee na mkewe, liliyashinda mengine yote katika tope la masika ya Afrika Mashariki. Wageni wenye majina Ulaya walikuja wakarudi mikono mitupu. Ilibidi kungoja hadi 1972 ndipo dereva wa kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola, aibuke mshindi. Waliojua kuendesha hapa walikuwa wa hapa, na kwa miaka hiyo mitatu walichagua Mercedes.

Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu husahauliwa. Tunapolaumu fahari ya Benzi tunasema kana kwamba watu walipofushwa na nyota ya chrome iliyo mbele ya boneti. La. Gari hilo lilikuwa limethibitishwa. Bodi yake ilifumwa kipande kimoja badala ya kuwekwa juu ya fremu kama lori, kila tairi lilipokea kishindo chake peke yake bila kulivuta la pili, na chuma chake kilikuwa kizito pale kilipohitajika. Mtu aliyetaka gari la kumtoa Nairobi alfajiri na kumfikisha ziwani jioni bila kuvunjika alikuwa na sababu nzuri ya kulitamani. Naamini uimara huo ndio uliotangulia, na fahari ikapanda juu yake baadaye kama abiria.

Abiria huyo alipanda mwaka 1963. Bendera ya Kenya huru ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, na ofisi zilizokuwa za Waingereza zikapata wenyewe wapya. Pamoja na ofisi kulikuwa na nyumba, na pamoja na nyumba kulikuwa na gari. Mkoloni mkubwa alipenda kusafiri kwa gari la Kiingereza. Waziri Mwafrika alichagua la Kijerumani, na ndani ya miaka michache umma ukawa umempa jina. Akaitwa Mbenzi. Wenzake wakaitwa Wabenzi.

Hebu tusimame kidogo kwenye neno hilo, maana ni kazi ya sanaa. Kiswahili kina ngeli ya watu na makabila: Mluo, Waluo, Mkisii, Wakisii, Mkuria, Wakuria. Aliyetunga Wabenzi, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alichukua kiambishi kinachotaja ukoo na damu akakipachika kwenye nembo ya kiwanda. Kwa silabi moja alisema kwamba viongozi wameacha makabila yao wakaunda jipya, lenye mila yake, ndoa zake na mipaka yake. Hakuhitaji hotuba wala gazeti. Neno likavuka mpaka hadi Tanzania, likaingia Uganda, na hatimaye likaandikwa katika vitabu vya Kiingereza vya siasa ya Afrika bila kutafsiriwa, kwa kuwa halitafsiriki. Ni mojawapo ya michango ya lugha yetu kwa fikra za dunia, nami najivunia hilo.

Nchi mbili jirani zikalijibu neno hilo kwa njia mbili. Tanzania, mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aligeuza hasira yake hadi kwake mwenyewe na kukata mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Masharti ya uongozi hayakutaja gari. Yalikwenda kwenye mzizi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mti wa Benzi ulikatiwa maji.

Kenya ilikwenda upande mwingine. Mwaka 1965, kwenye mkutano wa hadhara, Rais Kenyatta alimgeukia Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja naye wakati wa ukoloni na ambaye bado alikuwa akidai ardhi kwa ajili ya maskini, akamtajia wenzao wengine wa gerezani waliojenga nyumba na kupata mashamba, kisha akamuuliza yeye amejifanyia nini. Swali lile lilibadilisha maana ya uongozi. Umaskini wa kiongozi, uliokuwa ushahidi wa uaminifu, ukawa ushahidi wa uzembe. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ikapendekeza rasmi watumishi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara zao wakiwa kazini. Kuanzia hapo, ofisa mwenye Mercedes hakuwa na haja ya kueleza ameipata wapi.

Kati ya swali lile na tume ile kuna mwaka ambao Nyanza Kusini haiwezi kuusahau.

Thomas Joseph Mboya alikuwa mtoto wa Rusinga, kisiwa kilichoko mbele ya Mbita, ingawa alizaliwa kwenye shamba la mkonge upande wa Thika ambako baba yake alikuwa kibarua. Alikuwa waziri wa mipango ya uchumi, na wizara aliyoiongoza ndiyo iliyoandika waraka wa 1965 wa Ujamaa wa Kiafrika. Mmoja wa walioukosoa waraka huo hadharani, katika jarida la East Africa Journal, alikuwa mtu mwingine wa pande hizi, mwanauchumi Barack Obama mkubwa, mzaliwa wa Kanyadhiang, Karachuonyo. Walitofautiana kwa maandishi na bado wakawa marafiki.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya aliegesha Mercedes yake kwenye Government Road, Nairobi, akaenda dukani kwa Chhani, mfamasia aliyemfahamu. Obama alikutana naye barabarani dakika chache kabla. Baadaye, alipotoa ushahidi mahakamani, alieleza kwamba alimtania waziri kuwa ameegesha kwenye mstari wa manjano na huenda akaandikiwa faini. Mboya aliponunua alichokitaka na kutoka mlangoni, alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 38.

Kila ninaposoma habari hiyo nasimama kwenye mstari wa manjano. Watu wawili wa ziwani, wasomi na wenye vyeo katika nchi waliyosaidia kuikomboa, wanataniana juu ya maegesho. Hakuna walinzi wanaosukuma watu wala msafara wa pikipiki. Waziri anakwenda dukani mwenyewe, na gari lake la kifahari linaweza kuandikiwa faini kama la karani. Wabenzi wa wakati huo, kwa lawama zote walizostahili, bado walitembea mtaani. Baada ya siku ile hawakutembea tena.

Tarehe 8 Julai, kwenye misa ya wafu katika kanisa la Familia Takatifu, umati wenye uchungu ulilipiga mawe gari la Rais lilipowasili, na polisi wakajibu kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Mwili wa Mboya ulisafirishwa kwa barabara kupitia Kisumu na Homa Bay hadi Rusinga, watu wakiwa wamejipanga njia nzima. Kaburi lake liko Kasawanga, ndani ya jengo lililopewa umbo la risasi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Oktoba, Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Yeye na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, wakarushiana maneno makali jukwaani, umati ukachafuka, na walinzi wa Rais wakafyatua risasi huku msafara ukiondoka kwa kasi. Watu waliuawa kando ya barabara, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku.

Ndiyo maana nasema macho ya Nyanza juu ya gari kubwa jeusi si macho ya tamaa tupu. Kuna kizazi kizima kilichofundishwa kwamba msafara ukija, mtoto avutwe ndani.

Huko Stuttgart, wakati huo huo, gari lenyewe lilikuwa likibadilika. Mwaka 1963 kampuni ilikuwa imetoa Mercedes 600, jabali la kubebea marais na wafalme, lenye injini ya silinda nane na lita 6.3; Mobutu alikuwa nalo Kinshasa. Mhandisi kijana, Erich Waxenberger, akaona kwamba injini hiyo inaweza kuingizwa ndani ya gari la kawaida la milango minne. Alilijenga moja kimyakimya kwanza, mabosi wakaliona baadaye. Mwaka 1968 likauzwa kwa jina la 300 SEL 6.3, na dunia ikapata gari la baba wa familia lililoweza kwenda kilomita 220 kwa saa likiwa na viti vya ngozi na mito ya hewa badala ya springi za chuma. Magari yote ya sasa ya aina hiyo, yenye anasa ya ukumbi na kasi ya mashindano, ni wajukuu wa lile.

Waxenberger mwenyewe alifika Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndiye aliyeongoza kikosi cha Mercedes kilichorudi kutafuta ushindi wa Safari. Mwaka 1979 Mikkola alimaliza wa pili kwa 450 SLC, gari la milango miwili. Mwaka 1980 Vic Preston mdogo, Mkenya, akawa wa tatu. Mara zote mbili Shekhar Mehta aliwashinda kwa Datsun ya bei nafuu. Mabwana wa Stuttgart hawakurudia tena yale ya 1959, na mwananchi aliyekuwa kando ya barabara aliliona hilo pia.

Mwaka 1979 ndio kiwanda cha sukari cha South Nyanza, Sony kwa ufupi wetu, kilipoanza kazi Awendo, na kijiji cha Sare kikaanza kuwa mji. Mashamba ya mtama na mahindi ya Sakwa yakageuka miwa hadi upeo wa macho. Kiwanda kilileta umeme, shule, nyumba za wafanyakazi, na magari ya wakubwa. Miwa huchukua miezi 18 hadi 24 kukomaa, kutegemea aina na mvua, kisha mkulima husubiri kuvunwa, kupimwa na kulipwa. Mtu aliyezoea kuhesabu maisha yake kwa misimu mirefu namna hiyo hulitazama gari la bei kubwa kwa hesabu ya pekee: huuliza ni ekari ngapi, ni mavuno mangapi. Nimewasikia wazee wakipiga hesabu hiyo kwa vidole, bila wivu, kama wanaopima ng'ombe wa mahari.

Enzi za Rais Moi, gari la mkubwa lilikuwa na nambari inayoanza kwa GK, serikali ya Kenya, na Benzi za W124, zile zenye mabega ya mraba, zikawa kama sare ya mawaziri na makatibu wakuu. Wanafunzi walitolewa madarasani kusimama kando ya barabara na bendera za karatasi, wakangoja juani saa nyingi kwa ajili ya sekunde chache za vioo vinavyopita. Tarehe 30 Desemba 2002, katika Uhuru Park, Moi alipomkabidhi Mwai Kibaki madaraka, umati ulirushia matope msafara wa Rais anayeondoka. Matope tena, safari hii kutoka mikononi mwa watu.

Serikali mpya ilikuwa imeahidi kuishi kwa adabu. Mwanzoni mwa 2006, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na shirika la Transparency International zilitoa hesabu: kati ya Januari 2003 na Septemba 2004, serikali hiyo ilitumia angalau shilingi milioni 878 kununua magari ya kifahari, mengi yakiwa kwa matumizi binafsi ya wakubwa. Ripoti ilisema fedha hizo zingewasomesha watoto 25,000 kwa miaka minane ya shule ya msingi. Nilipoisoma nilifanya kama wazee wetu, nikahesabu kwa vidole, vidole vikaisha.

Mwaka 2009, Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta alitangaza katika bajeti kwamba magari ya mawaziri yasizidi injini ya sentimita za ujazo 1,800, na zikanunuliwa Volkswagen Passat. Baadhi walikubali, wengine walizikwepa waziwazi. Passat ni gari zuri, ila lilifika kwa jina la adhabu, na jina hilo halikuondoka.

Kilichoiondoa Benzi mbele ya msafara hakikuwa sheria wala aibu. Kilikuwa barabara. Katiba ya 2010 ilizaa kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa 2013 madaraka yakahamia Migori, Homa Bay na kwingineko, ambako mkubwa hulala Suna, hutoa hotuba Kuria na kuzika Karungu, kote akipita murram. Gari la chini halifai kazi hiyo. Toyota Land Cruiser, ambayo watu huiita V8 tu, ikachukua kiti. Leo mtoto wa Awendo akisema mtu ana nguvu, husema ana V8.

Na Benzi? Imeshuka ikatufikia. Sheria ya Kenya huruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, na bandari ya Mombasa hupokea Mercedes kutoka Japani ambazo mwalimu mkuu au mkandarasi wa kusafirisha miwa anaweza kununua kwa mkopo. Zile za zamani za GK zilipigwa mnada, zikapakwa rangi upya, zikaanza maisha ya pili ya kukodishwa kwa harusi na mazishi. Ijumaa jioni huzikuta kwenye A1 zikifuata jeneza kutoka Nairobi, taa zimewashwa, honi zikilia. Zamani msiba wa mzee mkubwa uliendewa na tero buru, ng'ombe dume wakifukuzwa kwa kelele na mikuki ili mauti yakimbie. Nikizisikia injini hizo zikinguruma kuingia boma la marehemu, nahisi ni ng'ombe wale wale.

Mwezi uliopita nilimkuta fundi karibu na stendi akiwa chini ya W124 ya rangi ya kijivu, miguu tu ikionekana. Alikuwa akiiinua, akiweka vipande vya mpira mgumu juu ya springi ili tumbo lisigonge. Mwenye gari ana harusi Jumamosi, upande wa Dede, na njia ya kuingia bomani imechimbwa na matrela ya miwa. Bibi harusi hataki kushuka barabarani na kumalizia kwa pikipiki. Anataka ateremkie mlangoni kwa mama mkwe. Fundi alitoka chini, akapangusa mikono, akaisukuma boneti kwa kiganja mara mbili kuona inavyopanda na kushuka, kisha akarudi tena chini akaongeza kipande kimoja.